Bendera Mikononi mwa Kijana

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Bodi ya Shule, Mkuu wa Shule, walimu wenzangu, wazazi na walezi, na ninyi wahitimu wa kidato cha nne ambao ndio wenye shughuli leo, nawasalimu nyote.

Nimeombwa nizungumzie maana ya bendera ya taifa kwa kijana anayekua, na kazi hiyo nimeipokea kwa moyo mkunjufu, kwa sababu nimefundisha Uraia kwa sehemu kubwa ya maisha yangu na hakuna mada iliyonifikirisha kuliko hii. Kufundisha rangi nne za bendera ni kazi ya kipindi kimoja. Kumfanya kijana aione bendera kuwa ni yake ni kazi nyingine kabisa, na hiyo tumezoea kuipita juu juu. Hoja yangu ni hii: kijana huiheshimu bendera kwa dhati pale anapokabidhiwa sehemu ya kazi yake, akaelezwa ilikotoka na akaruhusiwa kuuliza juu yake. Heshima inayotokana na amri peke yake huishia kwenye lango la shule.

Tuanze na mtoto wa darasa la kwanza. Anafika shuleni asubuhi na mapema, mkononi ana ufagio wa chelewa au kidumu cha maji, na jambo la kwanza analojifunza kuhusu bendera ni kwamba ikipandishwa hatakiwi kutikisika. Kengele inagongwa, na katika shule nyingi kengele hiyo bado ni rimu ya gari iliyoning'inizwa mtini. Wanafunzi wanapanga mistari, kiranja anatoa amri ya mguu sawa, wimbo wa taifa unaanza, na nzi akimtua mtoto usoni inambidi amvumilie. Macho yake hayako kwenye bendera. Yako kwa mwalimu wa zamu, maana anajua kwamba atakayejikuna ataitwa mbele.

Sina ugomvi na paredi. Kusimama kimya pamoja, mtoto wa mvuvi kando ya mtoto wa daktari, Mkristo kando ya Mwislamu, Mhaya kando ya Mmakonde, ni somo ambalo nchi nyingi zingelitamani na hazikulipata. Anayepita karibu na kituo cha polisi saa kumi na mbili jioni husikia filimbi, na papo hapo mwenye bodaboda huzima pikipiki, mama mwenye ndoo kichwani husimama, na wote husubiri hadi bendera iteremke. Utulivu ule ni wa thamani. Ninachosema ni kwamba utulivu huo ni mlango tu, na tumewasimamisha watoto wetu mlangoni miaka mingi bila kuwakaribisha ndani.

Mtoto akifika madarasa ya juu tunampa rangi. Kijani ni uoto na ardhi yetu, dhahabu ni madini, nyeusi ni watu, bluu ni maji ya bahari, maziwa na mito. Anakariri, anapata alama zake, anafunga daftari. Hakuna aliyemwambia kwamba rangi zile zilichaguliwa na watu, katika saa ngumu, na kwamba zingeweza kuwa nyingine.

Fikirieni mtoto wa miaka kumi aliyekuwa akiishi Unguja mwishoni mwa mwaka 1963. Alikuwa amezaliwa chini ya bendera nyekundu tupu ya Sultani. Tarehe 10 Desemba, Zanzibar ilipopata uhuru kutoka kwa Waingereza, akaona bendera nyekundu yenye duara la kijani na karafuu mbili ndani yake. Tarehe 12 Januari 1964 yakaja Mapinduzi, na bendera hiyo ikateremshwa ikiwa imedumu mwezi mmoja tu. Ikafuata bendera ya mistari ambayo nayo haikumaliza mwezi, na mwishoni mwa Januari ikatoka nyingine, ya bluu, nyeusi na kijani. Tarehe 26 Aprili Tanganyika na Zanzibar zikaungana, na tarehe 30 Juni 1964 ikakubaliwa rasmi bendera ya Jamhuri ya Muungano ambayo tunaiona hapo nje. Katika muda usiofika miezi saba mtoto yule aliona bendera tano, na kila moja ilikuwa na watu walioishangilia na watu walioililia.

Ninawaeleza vijana habari hii kila ninapopata nafasi, ijapokuwa wapo wenzangu wanaohofia kwamba itawafanya waione bendera kuwa jambo la kupita. Mimi naona kinyume chake. Kijana anayeamini kwamba bendera ilikuwepo tangu zamani na itakuwepo tu hana sababu ya kuitunza. Anayejua kwamba bendera inaweza kushushwa na nyingine ikapanda huelewa kwamba hii iliyopo inasimama kwa sababu kuna watu wanaokubali kuishi pamoja chini yake, na kwamba ridhaa hiyo yapaswa kulindwa kwa haki. Na hao Wazanzibari, tangu Januari 2005, wana tena bendera yao, bluu, nyeusi na kijani, ikiwa na bendera ya Muungano pembeni juu. Kijana wa Pemba anapeperushiwa zote mbili. Ana haki ya kuuliza zinahusianaje, na mwalimu ana wajibu wa kumjibu bila kumfokea.

Huku Bara nako bendera zilipishana. Ilikuwepo ya Wajerumani, kisha ya Waingereza, na Waingereza hao waliipa Tanganyika alama yake, kichwa cha twiga. Hebu tafakarini jambo hilo. Nchi yenye mamilioni ya watu iliwakilishwa kwa kichwa cha mnyama wa porini, na watu wake hawakuonekana popote. Bendera ya uhuru, iliyotokana na rangi za TANU, kijani na nyeusi, ikaongezwa michirizi ya dhahabu, iliwaweka watu katikati kabisa. Usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961, katika Uwanja wa Taifa jijini Dar es Salaam, taa zilizimwa ilipofika saa sita, bendera ya Waingereza ikashushwa gizani, na taa zilipowashwa iliyokuwa juu ni ya Tanganyika.

Usiku huohuo Luteni Alexander Nyirenda wa jeshi letu alikuwa juu ya Mlima Kilimanjaro na bendera na mwenge. Mwalimu Nyerere alikwisha kusema mwaka 1959, ndani ya Baraza la Kutunga Sheria la wakati wa ukoloni, kwamba tungependa kuwasha mwenge na kuuweka juu ya mlima huo, umulike nje ya mipaka yetu na ulete matumaini pale ambapo hakuna matumaini. Maneno hayo mnayajua kwa moyo. Ninalopenda mlitie maanani leo ni umri wa aliyeyatekeleza. Nyirenda alikuwa kijana wa miaka ya ishirini. Kilele alichokwenda kina urefu wa mita 5,895 kutoka usawa wa bahari, hewa yake ni hafifu, baridi yake huganda, na kupanda kwake hakufanywi kwa hotuba. Wazee walitoa wazo, lakini bendera ilibebwa na kijana. Taifa halikumwambia asimame wima aitazame. Lilimkabidhi na kumwambia aifikishe.

Ulipofika wakati wa Muungano, hakuna upande ulioacha rangi zake zote nyumbani. Kijani, nyeusi na dhahabu zilitoka Tanganyika, bluu ikatoka Zanzibar, na mkanda mweusi ukalazwa mshazari, ukianzia chini upande wa mlingoti na kupanda hadi juu upande wa pili. Mimi mshazari huo huusoma kuwa ni uamuzi wa hekima, kwa sababu mistari ya kulala ingelazimisha rangi moja iwe juu na nyingine iwe chini. Huo ni usomaji wangu, nanyi mnaruhusiwa kuwa na wenu.

Sasa nizirudie zile rangi, maana nimesema hazitoshi kukaririwa. Kila rangi ni ahadi, na ahadi ina pande mbili, anayeahidi na anayeahidiwa. Tunapomwambia kijana kwamba kijani ni ardhi yetu, naye anatoka katika familia isiyo na hata nusu eka, ana haki ya kuuliza sehemu yake ni ipi. Hilo si swali la ukosefu wa adabu. Ndiyo dalili ya kwanza kwamba ameanza kuichukulia bendera kwa uzito. Tunapomwambia kwamba dhahabu ni madini, tumpeleke hadi Geita na Mirerani, walau kwa ramani na kwa hesabu. Mirerani ndipo mahali pekee duniani panapochimbwa tanzanaiti, na mwaka 2018 palizungushiwa ukuta wa kilomita 24.5 ili madini yale yasiendelee kutoroshwa, ukuta ambao vijana wa Jeshi la Kujenga Taifa walishiriki kuujenga kwa mikono yao. Kijana aliyebeba tofali pale anaujua mchirizi wa dhahabu kwa namna ambayo daftari halimpi. Lakini na yule anayesoma darasani ana jambo la kufanya, nalo ni kufuatilia fedha ya madini inakwenda wapi, iwapo inafika kwenye zahanati ya kijiji chake na kwenye madawati ya shule yake. Katika bendera yetu mchirizi wa dhahabu haukai peke yake. Umeshikana na mweusi pande zote mbili. Madini yamewekwa kando ya watu, si mbali nao.

Bluu ndiyo rangi ninayoizungumza kwa uzito zaidi. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara, katika Ziwa Victoria, hatua chache kabla ya kutia nanga. Zaidi ya watu 200 walipoteza maisha, wengi wao wakiwa na mizigo ya gulio. Taifa lilitangaziwa maombolezo ya siku nne, na bendera zikapepea nusu mlingoti nchi nzima. Wengi wenu mlikuwa wadogo, lakini baadhi yenu huenda mliwauliza wazazi kwa nini bendera ya shule haikufika juu siku zile.

Tumezoea kuona bendera ikishushwa nusu mlingoti kwa ajili ya wakubwa. Ilikuwa hivyo alipofariki Mwalimu Nyerere, Oktoba 1999, na ilikuwa hivyo alipofariki Rais Magufuli, Machi 2021, na ilistahili. Lakini ya Ukara ndiyo iliyonifundisha zaidi. Bendera ilishuka kwa ajili ya wauza dagaa, wanafunzi, akina mama waliokuwa wakirudi nyumbani na mahindi. Hakuna kitabu kitakachoandika majina yao yote, ila kwa siku nne kitambaa kile kilikiri mbele ya dunia kwamba nchi imepungukiwa kwa kuwapoteza. Hapo mkanda mweusi ulipata maana yake kamili. Na hapo pia bluu ilituuliza swali gumu, kwa sababu bendera inayoyahesabu maji kuwa utajiri wake inatutaka tuwe na vivuko vilivyokaguliwa, manahodha wanaokataa kupakia kupita kiasi, na abiria wanaothubutu kusema chombo kimejaa. Kijana atakayesomea uhandisi wa meli na kutuondolea misiba hiyo atakuwa ameitumikia bendera kuliko sisi tunaoihutubia.

Niseme sasa juu ya mtu ambaye hajawahi kuwa kiongozi na ambaye, kwa maoni yangu, ameieleza bendera hii vizuri kuliko wengi. John Stephen Akhwari, mwana wa Mbulu, alikwenda Mexico mwaka 1968 kukimbia marathoni ya Olimpiki. Njiani alianguka, goti likateguka, nyama ikachubuka. Wakimbiaji 75 walianza mbio zile, na wengi waliacha kwa sababu ya joto na uhaba wa hewa ya milimani. Mamo Wolde wa Ethiopia alishinda kwa saa 2 na dakika 20. Akhwari aliingia uwanjani zaidi ya saa moja baadaye, mguu umefungwa bendeji, akichechemea, watazamaji wengi wakiwa wamekwisha kuondoka, akauzunguka uwanja hadi mwisho. Alikuwa wa 57, na nyuma yake hakuna mtu. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, alijibu kwamba nchi yake haikumtuma maili 5,000 ili aanze mbio, bali ilimtuma azimalize.

Miaka michache baadaye, Februari 1974, Filbert Bayi alikimbia mita 1,500 kule Christchurch, New Zealand, na kuvunja rekodi ya dunia, akiongoza tangu mwanzo hadi mwisho. Mwaka 1980 Bayi na Suleiman Nyambui walituletea medali za fedha kutoka Olimpiki ya Moscow, na hadi leo ndizo tunazojivunia. Nawaheshimu kwa moyo wote. Hata hivyo, nikiwa na kijana mmoja mbele yangu na dakika tano tu za kumweleza bendera ni nini, nitamweleza habari za Akhwari. Ushindi hupatikana na wachache. Kumaliza ulichotumwa, hata pale ambapo hakuna atakayekupigia makofi, kunaweza kufanywa na muuguzi wa zamu ya usiku, na mwalimu mwenye wanafunzi mia darasani, na mwanafunzi anayesoma kwa kibatari. Akhwari hakuambiwa na mtu yeyote asimame wima siku ile. Alikuwa amekabidhiwa jambo, akalichukua kuwa lake.

Hapa naomba walimu wenzangu mnivumilie, maana nitasema jambo linalotuhusu. Yapo maeneo ambako mtoto huchapwa kwa kutabasamu wakati bendera inapanda. Sijapata kumwona aliyeipenda nchi kwa njia hiyo. Mwaka 2013 Mahakama ya Rufani ya Tanzania, mahakama yetu ya juu kabisa, iliamua shauri la wanafunzi wa Mashahidi wa Yehova waliokuwa wameadhibiwa kwa kutoimba wimbo wa taifa kwa sababu ya imani yao, na iliwapa haki wanafunzi hao. Wapo waliokasirishwa na hukumu ile. Mimi niliisoma kwa fahari. Mahakama iliyo na bendera hiyohiyo mlangoni mwake ilimtazama mtoto mnyonge, asiyefanana na wengi, ikamwambia kwamba nchi hii ni yake pia. Bendera inayomlinda hata yule asiyeimba ni bendera ninayoweza kumkabidhi mwanangu bila wasiwasi, na natamani kila kijana aliyepo hapa aijue hukumu hiyo sawasawa na anavyozijua zile rangi nne.

Baada ya kuyasema hayo, nina mambo ya kiutendaji ya kuiomba shule hii. Nimeitazama bendera yenu nilipokuwa nikiingia. Ukingo wake umechanika, nyeusi imepauka imekuwa kama kijivu, na kijani kimechujuka kwa jua. Siwalaumu, kwa kuwa kitambaa kinachokaa juani na mvuani mwaka mzima hakiwezi kudumu. Lakini kila asubuhi mnawaambia watoto mia kadhaa waiheshimu, nao wana macho. Nimekuja na bendera mpya, na kamba mpya ya nailoni, pamoja na kapi la chuma la kuweka kileleni, kwa sababu nimeambiwa la zamani limekwama na kamba hukatikia hapo.

Ombi langu kwa Mkuu wa Shule ni kwamba kazi ya bendera isiwe ya skauti peke yao wala ya viranja. Kila mkondo upewe wiki yake, kidato cha kwanza hadi cha nne, wasichana kwa wavulana. Wafundishwe kuiunganisha na kamba, wahakikishe kwamba kijani kipo juu upande wa mlingoti, kwa maana nimeona mara nyingi, hata kwenye majengo makubwa, bendera yetu imepandishwa kichwa chini na hakuna aliyegundua. Wajue kwamba hupandishwa kwa wepesi na kuteremshwa polepole. Wajue kwamba siku ya msiba hupandishwa kwanza hadi kileleni ndipo ishushwe nusu mlingoti, na jioni hurudishwa juu kabla ya kuteremshwa kabisa. Wajue kuikunja na mahali pa kuihifadhi, na ikichakaa watoe taarifa wao wenyewe, wasingoje mgeni aje aseme.

Na wiki ile ambayo mkondo una zamu, mwanafunzi mmoja asimame kwenye paredi kwa dakika tatu aeleze jambo moja kuhusu bendera ambalo amelitafuta mwenyewe, kwa bibi yake, kwa askari mstaafu wa mtaani, au maktaba. Wengine wamuulize maswali. Mwalimu wa zamu akilisikia swali gumu, kuhusu ardhi, kuhusu madini, kuhusu Muungano, asilizime. Akiwa hana jibu, aliandike na alilete wiki inayofuata.

Ninyi wahitimu mnaondoka, na zamu hiyo haitawafikia hapa. Ndiyo maana nimemwomba Mkuu wa Shule, naye amekubali, kwamba bendera mpya isipandishwe kesho na wadogo zenu. Itapandishwa leo jioni baada ya vyeti, na mtakaoipandisha ni ninyi. Mmechagua wenyewe watu sita, na nimefurahi kuona kwamba mmoja wao ni kijana anayetembea kwa magongo. Mwalimu wa michezo yupo pale mlingotini na kapi jipya, atawaonyesha namna ya kulifunga. Asanteni sana kwa kunisikiliza.